Moyo wa Hemedi Ukumbini Tanuri

King'ora cha kwanza cha jua kilimkuta Bi Mwantumu jikoni, mikono imezama kwenye unga wa chapati. Hakushtuka. Tanga nzima ilishazoea: kikilia cha kwanza, rudi nyumbani; kikilia cha pili, funga mlango; na atakayebaki nje kati ya hapo na alasiri, shauri yake na jua. Hemedi, mwanawe wa pekee, jua lilimkuta juu ya paa la kiwanda akifunga mabamba ya umeme. Wenzake walipomshusha midomo ilikuwa imeshakauka, na roho imeshakwenda kwa mwenyewe.

"Semeni! Njoo unisaidie madirisha, mwanangu."

Bi Mwantumu akajifuta mikono, akaenda chumbani kwa mkwewe. Nguo nyeupe za eda zilikuwa kitandani, zimekunjwa vizuri, na mwenye kuzivaa hayupo.

Alisimama mlangoni akiziangalia. Mwezi wa pili huu tangu wamzike Hemedi, na mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, atulie ndani, bila pambo wala manukato. Semeni alikuwa akikaa, au ndivyo Bi Mwantumu alivyodhani, kwa kuwa yeye mwenyewe kila siku adhuhuri alikuwa akiswali na wanawake wenzake kule msikitini, jua likamfungia huko mpaka alasiri. Leo goti lilimuuma, akabaki. Na sasa akakumbuka vifundo vya miguu ya Semeni vilivyovimba, na mashavu yaliyobonyea. Alikuwa akijisemea ni majonzi. Majonzi hayavimbishi miguu.

"Unamtafuta mkweo?" Jirani, Mama Nasra, alikuwa kachungulia dirishani, shuka la kurudisha jua limemfunika mpaka puani. "Kapita hapa mbio kama kuku aliyeona kipanga. Kaelekea Tanuri. Na si leo tu, shoga yangu. Sisi midomo tumefunga, lakini macho hayana kifuniko."

"Yana kope," alisema Bi Mwantumu. "Yafumbe."

Akajitupia shuka lake la fedha, akatoka na goti lake vivyo hivyo.

*

Tanuri lilikuwa tanuri kweli, la kuchomea chokaa, enzi za mababu. Siku hizi lilikuwa ukumbi wa muziki, umeingia chini ya mwamba kama kisima. Mlangoni alikaa mwanamke mnene, hina mpaka viwikoni, jina lake Riziki.

"Bibi, umepotea? Msikiti uko kule juu."

"Msikiti naujua, mwanangu. Nilikuwa nakwenda kabla mama yako hajavunja ungo."

Riziki akacheka mpaka kiti kikalia. "Shikamoo basi."

"Marahaba. Nifungulie, king'ora cha pili hakina adabu."

"Nitakufungulia, lakini lete mkono. Haingii mtu hapa bila utepe, hata angekuwa waziri."

Akamfunga kifundoni mwa mkono utepe mwembamba, laini kama ngozi ya samaki. Bi Mwantumu akauliza wa nini. Riziki akamweleza, kwa haraka ya mtu aliyeyasema hayo kutwa nzima. Zamani dijei alikuwa akiendesha muziki apendavyo, akaupeleka mbio, akaupeleka mbio, na vijana wakaanguka, wengine hawakuinuka. Sasa hakuna dijei. Utepe unasikiliza moyo wa kila mtu na kuupelekea mtambo, na mtambo unapiga ngoma kwa kufuata mioyo ya waliomo. Moyo una sauti mbili kila unapopiga, dum na tak. Kila sauti ngoma moja. Mioyo ikienda mia na hamsini kwa dakika, ngoma zinakwenda mia tatu.

"Na ukumbi wote lazima uwe na moyo mmoja wa kuuongoza, la sivyo ni kelele tu za sokoni," alimalizia Riziki. "Tunauita mshikapigo. Haya, bibi, shika ukuta, ngazi zina jasho."

Muziki ulimpata miguuni kabla haujamfika masikioni. Singeli ilizaliwa mitaani Dar es Salaam, ya mbio tangu utoto wake. Wajukuu wa walioianzisha wameizidisha mpaka ngoma hazihesabiki tena, zimekuwa mvua juu ya bati. Bi Mwantumu alishuka ulimi wake ukisoma astaghfirullah kila ngazi. Alitarajia kukuta ulevi. Alikuta jasho. Vijana kwa mamia, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na wengine wamechanganyika katikati, wote wakirukaruka kwa hatua ndogondogo za haraka, macho mengi yamefumbwa. Besi ilikuwa inaingia kifuani bila hodi. Hakuna aliyezungumza. Hakuna aliyemtazama mwenzake kwa uchafu. Nje, mchana kutwa, kila mtu na shuka lake, uso umefunikwa, hujui kama uliyempita ni ndugu au mwizi. Halafu saa baada ya saa mmefungiwa gizani mnasikiliza kuta zikipasuka kwa joto. Hapa watu walikuwa na nyuso. Hapa walikuwa wengi.

Akaukumbuka uwanja wa babu yake, duara la zikiri, pumzi za wanaume zikipanda pamoja mpaka hujui pumzi ipi ya nani. Papo hapo akamwomba Mola amsamehe kwa kulinganisha. Lakini alikuwa ameshalinganisha, na mguu wake mmoja ulikuwa umeshaanza.

Ndipo ngoma ikajikwaa.

Ilikuwa inakwenda, inakwenda, ghafla ikaacha pengo, kama mtu aliyekosa ngazi gizani, halafu ikarudi na mapigo mawili ya haraka. Katika lile pengo ukumbi mzima uliruka. Mamia ya miguu ilikuwa hewani kwa pamoja, wakapiga kelele moja, wakatua. Ikaendelea. Baada ya kitambo ikajikwaa tena, wakaruka tena, wakicheka kwa furaha.

Bi Mwantumu alishika ukuta. Moyo ule alikuwa akiujua kabla ya wakunga. Daktari alipomsikiliza Hemedi mchanga alisema usiogope, mama, moyo wake unajikwaa kidogo lakini hauanguki, kuna watu wameumbwa hivyo. Miaka miwili alilala na moyo ule juu ya kifua chake, na kila ulipojikwaa yeye aliacha kupumua mpaka uinuke.

Akaacha kupumua. Moyo ukainuka.

Na mbele kabisa, chini ya spika kubwa, akamwona Semeni, paji la uso limegusa spika, mikono imeikumbatia kama mtu anayeagana na msafiri.

*

Aliyeuangalia mtambo aliitwa Mhando, mtu mzima wa makamo, ndevu kazipaka rangi ya machungwa. Alikuwa rafiki wa Hemedi. Alipomwona Bi Mwantumu kwenye mlango wa chumba chake alisimama, akakosa pa kuweka mikono.

"Shikamoo, mama. Tulikuwa... tulikuwa tunataka kuja kukwambia."

"Mmemrekodi mwanangu."

"Hatukumrekodi. Rekodi ni maiti, haibadiliki." Alifunga mlango, besi ikabaki ukutani. "Hemedi alikuwa mshikapigo wetu miaka mitatu. Kila alivyocheza, mtambo ulijifunza: akishangiliwa moyo wake unafanyaje, akichoka unafanyaje, akimwona mwenzake anayumba unafanyaje. Alipofariki tukaogopa. Tukawasha yale mtambo uliyojifunza, jaribio tu. Mama, moyo wake uliamka. Unasikia waliomo ukumbini na kuwajibu. Na tangu siku hiyo hajaanguka mtu. Pigo lake likisikia mtoto mmoja amezidiwa kule nyuma, linapunguza mwendo, na wote wanapunguza nalo. Alikuwa hivyohivyo akiwa hai."

Bi Mwantumu alijua alikuwa hivyohivyo.

"Nyinyi watu wa dini mnasema," Mhando aliendelea kwa sauti ya chini, "mtu akifa amali zake hukatika, ila sadaka yenye kuendelea. Sasa hii siyo?"

Neno hilo lilimchoma mahali pabaya, kwa kuwa lilikuwa na ukweli. Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Na Semeni?"

Mhando akashusha macho. "Semeni anakuja kila siku. Namwambia nenda nyumbani, uko eda. Ananijibu eda ya nani, moyo wake si huu unapiga? Ati alimwuliza hata ustadhi mmoja kijana."

"Akasemaje?"

"Akasema suala hilo halimo katika kitabu alichosoma, aende kwa waliomzidi."

Bi Mwantumu karibu acheke.

"Kuna jambo jingine, mama. Nilitakiwa nikwambie mapema." Mhando aligusa kioo mbele yake. Mistari miwili ya kijani ikawa inapandisha vilima na kushuka, mmoja juu ya mwingine. "Wa juu ni pigo la Hemedi. Wa chini ni utepe wa Semeni. Tazama."

Mstari wa juu ulijikwaa. Wa chini ukajikwaa nao.

"Mioyo mingine inafuata mwendo tu, ikitoka nje inarudi kwenye wake. Wa Semeni umefuata mpaka na kasoro. Jana nilimwomba akae hapa, ngoma imezimwa, saa nzima. Ukaendelea kujikwaa. Hemedi aliumbwa nao, mwili wake uliujua. Wa Semeni haukuumbwa hivyo. Mwezi mmoja, miwili... mimi si daktari. Lakini naogopa."

"Mkatazeni kuingia."

"Kumbi za Muheza na Korogwe zimeshaomba pigo hili, na tumeshazipa. Atalifuata. Likiwepo popote duniani, atalifuata." Akaondoa mkono kwenye kioo. "Sheria yetu ya ukumbi ni moja: pigo ni la mama yake. Ukisema lizimwe, linazimwa hapa na kila lilipokwenda. Ukisema likae, linakaa. Sisi hatutakulaumu."

Kupitia ukutani mwanawe alijikwaa, akainuka. Na Bi Mwantumu, mwanamke wa sala tano, alipitiwa na fikra aliyoionea haya palepale: kwamba angeweza kumpeleka Semeni kwao Handeni, mbali na kila ukumbi, halafu yeye mwenyewe awe anashuka zile ngazi kila adhuhuri, asimame nyuma, asimsumbue mtu. Wangemsema. Wacha wamseme. Angelala tena na moyo ule kifuani.

Alikaa na fikra hiyo muda mrefu. Ilikuwa tamu mno, na ndiyo iliyomjulisha. Ikiwa yeye, mzee, aliyezika mume na wazazi, imemshika hivi kwa mara moja, yule msichana atajinasua kwa nguvu gani?

"Linazimwaje?" aliuliza.

*

Haliwezi kukatwa ghafla, Mhando alimweleza. Mioyo ya mamia ikiwa imefungwa kwenye moyo mmoja, ukiukata ni kama kuivuta ngazi watu wakiwa juu yake. Linashushwa. Watu wanaketi, tepe zao zinafunguliwa moja moja, wanabaki nazo jamaa wa marehemu tu. Pigo linawafuata hao. Wakitulia, linatulia, wakishuka, linashuka, mpaka linafika mahali haliwezi kuendelea.

"Na wasipotulia?"

"Halishuki. Linadhani kuna hatari, linakimbia."

Basi Mhando akatangaza kwa kipaza sauti. Hakusema mengi. Alisema mama yake Hemedi yuko ndani, na amekuja kumpumzisha mwanawe. Ukumbi ukasimama. Kisha, bila kuamrishwa, vijana wakaanza kuketi chini, safu kwa safu, miguu imekunjwa, kama watu waliofika kwenye hitima wakakuta mikeka imetandikwa. Riziki akapita akifungua tepe. Ngoma ikapungua uzito kila mkono ulipofunguliwa, mpaka ikabaki nyembamba, dum na tak, ya mtu mmoja.

Semeni peke yake hakuketi.

"Mama," alisema, mgongo kwenye spika. "Umekuja kufanya nini?"

"Unajua, mwanangu."

"Usimwue."

"Hemedi alikufa, Semeni. Tulimwosha. Wewe ulimshika miguu."

"Nilishika miguu! Moyo ulikuwa hapa!" Sauti yake ilipasuka, na palepale ngoma ikaruka, ikakimbia, dum-tak-dum-tak, ikijikwaa mara mbili mfululizo. Vijana waliokaa wakaguna. "Umesikia? Anaogopa. Anakusikia unachotaka kumfanyia. Wewe ni mama gani?"

Bi Mwantumu alivuta hatua mpaka pale, goti likimlalamikia, akaweka kiganja juu ya kifua cha msichana, bila kumwomba ruhusa, kama anavyomgusa mtoto mwenye homa. Akasubiri. Chini ya mkono wake moyo ulijikwaa, na ulipojikwaa, uso wa Semeni ulibadilika rangi. Alikuwa akijua. Alikuwa akijua siku nyingi.

"Huu si wako," alisema Bi Mwantumu.

"Ndio ninaoutaka."

"Najua."

"Basi niache! Nikifa nimekufa, si nitakuwa naye?"

"Hilo hujui wewe, wala mimi sijui. La Mungu hilo." Mkono wake haukuondoka. "Ninalolijua mimi nimezika mmoja, na sitakaa nikisikiliza ngoma nikisubiri wa pili. Nichukie. Nina mgongo wa kubeba hilo."

Akaketi chini, akamvuta Semeni aketi naye. Semeni aliketi kwa sababu miguu ilimwisha, si kwa kukubali. Akaanza kulia kwa sauti, na kila kilio kilivyopanda, ngoma ilipanda, haraka, haraka zaidi, mpaka spika ikaanza kukoroma na Mhando akatoka chumbani mwake, mkono juu, akitikisa kichwa: haishuki.

Bi Mwantumu alifumba macho. Kilichokuwa mbele yake alikifahamu sasa, na hakuna mtu aliyewahi kumwonya kwamba kitu kama hiki kipo duniani. Ili mwanawe alale, yeye lazima atulie. Asilie. Chozi moja likimpanda kifuani, mtoto ataamka. Akaanza kuvuta pumzi kwa mwendo wa babu yake, jina la Mola likiingia, jina la Mola likitoka, taratibu, taratibu kuliko moyo ulivyotaka. Moyo wake mzee ukaanza kutii. Ngoma ikasita. Upande mmoja ilivutwa na kilio cha Semeni, upande mwingine na pumzi ya mama, na katikati ilikuwa inapapatika kama ndege aliyeingia chumbani.

"Semeni," alinong'ona, macho yamefumbwa. "Sikiliza unavyomkimbiza. Anachoka."

Semeni akasikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kushuka ngazi zile hakuwa anausikiliza moyo ule ili umpe kitu. Ngoma ilikuwa inahema. Ilikuwa inajikwaa karibu kila hatua, inajiinua, inakimbia tena kumfuata yeye.

Aliuma upindo wa kanga yake. Mabega yalimtikisika, lakini sauti hakuitoa. Akaegemea bega la mkwewe, siyo kwa upendo. Hapakuwa na pengine pa kuegemea. Pumzi yake ikakatika, ikatafuta, ikaingia kwenye pumzi ya mwanamke mzee.

Ngoma ikashuka.

Ilishuka ikawa ya mtu anayetembea. Ikawa ya mtu aliyeketi. Vijana wengi walikuwa wameinamisha vichwa, na mmoja alikuwa akisoma Fatiha kimoyomoyo, midomo tu ikicheza. Ikawa ya mtu aliyelala, na hapo Bi Mwantumu aliitambua kwa mwili wake wote, uzito wake, joto lake, na kila kitu ndani yake kilitaka kuinuka kupiga kelele. Hakuinuka. Pumzi ndani, pumzi nje. Lala, baba. Lala. Dum, kisha kimya kirefu. Tak.

Kisha kimya hakikuisha.

Hakuna aliyethubutu kuinuka. Mhando alikuwa ameshika fremu ya mlango. Semeni aliondoa kichwa chake begani polepole, akaweka kiganja juu ya kifua chake mwenyewe, akakaa hivyo kwa muda. Kilichokuwa chini ya mkono kilikuwa kinakwenda, kinyonge, sawasawa. Hakikujikwaa. Akasubiri kijikwae. Hakikujikwaa. Ndipo uso wake ukasawijika, na akaangalia mkono wake kama mtu aliyeibiwa.

"Usinisemeshe, mama," alisema. "Mpaka mimi nikusemeshe."

"Sawa."

"Pengine nisikusemeshe tena."

"Sawa, mwanangu."

King'ora cha alasiri kikalia kule juu. Vijana wakapanda ngazi kimyakimya, kila mmoja akichukua shuka lake na kujifunika uso. Semeni alipanda katikati yao, hakugeuka. Riziki alikuja, akapiga goti kwa shida, akamfungua Bi Mwantumu utepe mkononi.

"Pole, bibi," alisema. "Wetu pia alikuwa."

Bi Mwantumu aliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyekuwa akiufuata moyo wake sasa, hakuna aliyelala juu yake. Akauachia. Ukaondoka mbio, na sauti iliyomtoka ilijaa tanuri lote mpaka juu, na Riziki akamshika, akamshika tu, asimwambie nyamaza.